Wifi, sio ile soda: kongosho linavyojipanga kipindi cha ujauzito

Mwaka jana wifi yangu, mke wa kaka, alitoka chumba cha vipimo na karatasi yenye namba tatu, ya kwanza imezungushiwa wino mwekundu, 5.6, akakaa kwenye ngazi za nje akaanza kulia. Mimba ya wiki 26, ya kwanza. Siku hiyo tulitoka Mbagala alfajiri hajatia kitu mdomoni, daladala imejaa tumesimama njia nzima, kufika akatobolewa kidole, akapewa glasi ya maji yaliyokorogwa glukosi gramu 75, tamu ile ya kukwama kooni, akaambiwa akae asizunguke, saa moja ikapita akatobolewa tena, saa ya pili tena. Ila namjua wifi, namba isingemliza. Kilichomliza ni mama mmoja tuliyekaa naye benchi, alimsikia nesi akitaja kisukari cha mimba akageuka akasema, bila ubaya wowote, "ndo hizo soda mnazokunywa nyie wasichana wa siku hizi."

"Nimejitakia, wifi." Hilo ndo neno alilorudia njia nzima tukirudi.

Nyumbani mama naye akaongeza la kwake, sio kwa kumsimanga, alikuwa anashangaa kweli: "Mimi nimezaa sita. Mimba zote nakunywa chai vijiko vinne vya sukari, na wali kila siku ya Mungu. Mbona mimi sikupata?"

Swali la mama ni zuri sana. Mimi nafundisha baolojia sekondari na siku ile sikuwa na jibu la maana, nikasema miili inatofautiana, basi, yakaishia hapo. Lakini likanikaa kichwani nikaanza kusoma, na nilichokikuta nakiandika hapa kwa ajili ya wifi na kwa ajili ya kila mama kijacho aliyewahi kuambiwa amejitakia.

Cha kwanza kabisa, na ukikielewa hiki nusu ya lawama inaondoka yenyewe: mwili wa mwanamke mwenye mimba unaizuia insulini isifanye kazi sawasawa, na unafanya hivo makusudi. Sio hitilafu. Mtoto tumboni anaishi kwa glukosi ya mama, na glukosi inavuka kondo la nyuma kutoka upande ambako ipo nyingi kwenda upande ambako ipo kidogo, kama maji yanavyofuata mteremko, kwa hiyo ili mtoto apate lazima kwenye damu ya mama pabaki sukari ya kutosha baada ya kula. Sasa insulini kazi yake ni kuiambia misuli na mafuta vifungue mlango sukari iingie ndani. Misuli ya mama ingeendelea kuitika kama zamani, akimaliza sahani ya wali tu yenyewe ingeshabeba fungu lake kubwa, mtoto anabaki anasubiri. Basi kondo linamwaga homoni zinazoifanya misuli ya mama izibe masikio. Kuna homoni ya ukuaji inayotengenezwa na kondo lenyewe, ambayo kuanzia katikati ya mimba inachukua nafasi ya ile ya kawaida inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, kuna laktojeni ya kondo, kuna projesteroni, kuna kotisoli inayopanda, na zote kwa pamoja zinaleta kitu kinachoitwa usugu wa insulini. Ikifika miezi mitatu ya mwisho nguvu ya insulini ya kushusha sukari inakuwa imepungua kwa nusu au zaidi, na hapo naongelea mama mzima kabisa asiye na ugonjwa wowote. Yeye mwenyewe anaanza kutegemea zaidi mafuta yake ili sukari abakiziwe mtoto.

Kila mwanamke. Aliyekunywa soda na asiyewahi kuigusa.

Sasa kama insulini imepungua nguvu nusu, kitu pekee kitakachozuia sukari isipande ni kutoa insulini nyingi zaidi, na ndivyo inavyokuwa, mama mwenye mimba anafika mahali anatoa mara mbili hadi mara tatu ya aliyokuwa anatoa kabla. Inatoka wapi? Kongosho ni kile kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, sehemu yake kubwa inatengeneza maji ya kusagia chakula, ila humo ndani zimetawanyika chembe za seli kama visiwa, zinafika milioni moja hivi. Aliyeziona kwanza ni Paul Langerhans mwaka 1869, alikuwa bado mwanafunzi Berlin, akaziandika bila kujua zinafanya nini. Ndani ya visiwa hivyo ndo kuna seli za beta, na insulini yote ya mwili inatoka hapo tu. Ukizikusanya zote za mtu mzima uzito wake ni kama gramu moja hivi. Gramu moja, halafu ndo hiyo inaambiwa izidishe kazi mara tatu ndani ya miezi michache.

Karibu na shule yetu kuna mama lishe anapikia kwenye banda, kawaida wateja wake ni walimu na madereva wa bajaji. Mwaka juzi likaanza kujengwa ghorofa jirani. Nikaona siku moja ana binti mpya wa kuosha vyombo na mwingine wa kusonga ugali, kanunua sufuria kubwa mbili, na moto anawasha saa kumi alfajiri badala ya kumi na moja na nusu. Lakini ghorofa lenyewe lilikuwa bado mabati tu ya uzio, mafundi hawajaja. Nikamuuliza. Akaniambia fundi mkuu alipita wiki iliyopita kumwambia mama, Jumatatu ya tarehe fulani naleta watu sitini. Nilipokuja kusoma habari za seli za beta nikamkumbuka huyu mama, kwa sababu ni hivohivo. Kongosho halisubiri sukari ipande ndo lihangaike. Linaanza kuongeza insulini mapema, kwenye miezi mitatu ya kwanza, wakati usugu wenyewe haujawa mkubwa, sukari ya asubuhi ya mama wakati huo hata inashuka kidogo. Kuna aliyelipelekea taarifa.

Na huyo mpeleka taarifa ndo kitu kilichonifurahisha kuliko vyote, maana ni walewale wanaoleta mzigo.

Prolaktini wengi tunaijua kama homoni ya maziwa ya mama, inatoka pituitari. Laktojeni ya kondo ni ndugu yake, zinafanana kiasi kwamba zinaingia kwenye kipokezi kimoja, tuseme funguo mbili za kitasa kimoja. Hii ya kondo inapanda kadiri kondo linavyokua, mwisho wa mimba inatengenezwa kama gramu nzima kwa siku, kwa homoni hicho ni kiasi kikubwa mno. Sasa kitasa chake hakipo kwenye matiti peke yake. Kipo pia kwenye seli za beta. Kwa hiyo kondo lilelile linaloiambia misuli iache kusikiliza, wakati huohuo linaiambia seli ya beta jiandae. Panya walioondolewa kipokezi hiki kwenye seli za beta tu, kila kitu kingine wameachiwa, wakishika mimba wanapata kisukari cha mimba, na kabla ya mimba walikuwa wazima.

Homoni ikishaingia kwenye kitasa nini kinatokea? Hapa kazi kubwa imefanyika kwa panya na ni stori ndefu, ila vitu viwili lazima nivieleze.

Cha kwanza ni breki. Seli za beta za mtu mzima kwa kawaida hazigawanyiki hovyo, zimekaa tu zinafanya kazi, na moja ya vitu vinavyozishikilia ni protini inaitwa menini. Kwamba ni breki kweli tunajua kwa sababu watu wanaozaliwa na jeni yake mbovu wanapata uvimbe kwenye tezi mbalimbali, kongosho likiwemo. Mwaka 2007 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba panya akiwa na mimba menini kwenye visiwa vyake inapungua, seli zinaanza kugawanyika, akishazaa inarudi. Na kinachoishusha ni prolaktini. Yaani mwili unalegeza breki kwa muda maalumu tu alafu unaikaza tena.

Cha pili ni serotonini. Hii wengi wanaisikia kwenye mambo ya akili na hisia, mtu akiongelea sonona ndo inatajwa. Mwaka 2010 kundi la watafiti wa San Francisco likagundua kwamba panya akishika mimba seli zake za beta zinaanza kutengeneza serotonini zenyewe, kwa wingi wa ajabu, na anayewasha hiyo mitambo ni laktojeni. Serotonini ikitoka inazigusa seli za beta za jirani na kuziambia zigawanyike, yaani ni kama taarifa iliyoletwa na fundi mkuu kwa mama lishe sasa inapigiwa kelele banda zima. Mimba ikikaribia mwisho aina ya vipokezi inabadilika, serotonini ileile ambayo ilikuwa inasema ongezekeni inaanza kusema imetosha. Na kuna jambo moja la chakula humo: serotonini inatengenezwa kutokana na triptofani, ambayo ipo kwenye protini kama mayai, samaki, maharage, na panya wenye mimba walipopewa chakula kisicho na triptofani ya kutosha seli zao hazikuongezeka vizuri wakashindwa kuhimili sukari. Nasema panya, tena nasisitiza, hiyo sio dawa ya kumwambia mtu ale mayai kumi kwa siku. Ila naona ni vizuri kujua kwamba hata huko ndani kabisa kwenye kisiwa cha Langerhans protini ina kazi.

Panya mwenye mimba wingi wa seli zake za beta unafika mara mbili hadi tatu, na akizaa ndani ya siku chache zile za ziada zinakufa zenyewe, mambo yanarudi kama zamani.

Kwa binadamu tusiende mbio. Huwezi kumpasua mama mjamzito kongosho ukahesabu, kwa hiyo kinachojulikana kinatokana na wanawake waliofariki wakiwa na mimba kwa sababu nyingine, na hao kwa bahati nzuri ni wachache kwenye rekodi hizo. Uchunguzi wa Ubelgiji wa mwaka 1978 uliona ongezeko zaidi ya mara mbili. Mwingine wa Marekani, 2010, uliona dogo zaidi, kama mara 1.4, na tena haukuona seli za zamani zikigawanyika kwa wingi, uliona visiwa vidogovidogo vipya vimejitokeza. Sasa piga hesabu mwenyewe: seli zimeongezeka mara 1.4, insulini imeongezeka mara mbili mpaka tatu. Lazima kila seli moja nayo inafanya kazi kubwa kuliko ilivyokuwa, na kweli ndivyo, homoni hizohizo zinaifanya seli ya beta iwe nyepesi kushtuka, inaanza kutoa insulini kwenye kiwango cha sukari ambacho zamani ingekaa kimya, na ikitoa inatoa nyingi. Mama lishe hajaongeza wasichana peke yake, kanunua sufuria kubwa na kawasha moto mapema. Estrojeni nayo ipo hapo, inazilinda seli zisife kwa kazi nyingi. Na projesteroni na kotisoli zinavuta kwa upande mwingine, zinapunguza kasi, kwa hiyo usifikirie homoni zote zinaimba wimbo mmoja, ni kuvutana ambako kwa wanawake wengi kunaishia pazuri.

Kwa wengine hakuishii pazuri. Mafundi sitini wanafika Jumatatu na sufuria ni ileile. Hicho ndo kisukari cha mimba, mzigo umezidi uwezo wa seli za beta kujiongeza, na ndo maana wanapima kati ya wiki 24 na 28, kwa sababu hapo ndo usugu unapanda kwa kasi na pengo linaanza kuonekana. Kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2013 ukifikisha 5.1 (ni milimoli za sukari kwa lita ya damu) hujala kitu inatosha kukuhesabu, wifi alikuwa na 5.6.

Sasa nije kwa mama na watoto wake sita.

Nilimwambia hivi. Mama, wewe mimba zote sita ulipata usugu uleule aliopata wifi, sukari ya kwenye chai yako ilikuwa mzigo kama mzigo mwingine wowote, ila jiko lako liliweza kupanuka mara sita. Wifi jiko lake halikupanuka vya kutosha na hilo halikuanza na soda. Seli za beta za binadamu zinagawanyika zaidi utotoni, miaka ya mwanzo kabisa, baada ya hapo polepole sana, kwa hiyo akiba unayoingia nayo kwenye mimba kwa sehemu kubwa ulishapewa ukiwa mtoto mdogo. Kuna jeni za ukoo, na mama yake wifi ana kisukari, tunajua wote. Kuna jinsi mtu alivyolishwa tumboni kwa mama yake na utotoni. Kuna umri, kuna uzito kabla ya mimba, maana uzito mkubwa unakuja na usugu wake kabla hata kondo halijaongeza wa kwake. Wifi ni mwembamba, na wembamba wanapata pia, na ni haohao wanaopitwa kirahisi kwa sababu hakuna anayewafikiria.

Mama akanyamaza kidogo akauliza, "Kwa hiyo soda haina neno?"

Ina neno, sitaki kudanganya mtu. Jiko likishazidiwa, soda na juisi ya miwa ni kumwagia mafundi wengine ishirini mlangoni kwa mkupuo, sukari yake inaanza kumiminika damuni ndani ya dakika chache. Ndo maana chakula kikawa tiba ya kwanza ya wifi na wanawake wengi hawahitaji zaidi ya hapo, wanaohitaji wanapewa vidonge vya metformini au insulini na hakuna aibu kwenye hiyo sindano. Yeye alikula ugali wa dona kiasi cha ngumi yake, maharage, matembele, dagaa, embe alikula kipande sio jagi la juisi, na jioni baada ya kula tukawa tunatembea mpaka kwenye duka la mwisho wa mtaa na kurudi. Kitu alichokosea wiki ya kwanza, kwa hofu, ni kuruka milo, na hilo ni baya kwa mjamzito maana mwili wake unaingia kwenye hali ya njaa haraka kuliko wa mtu mwingine. Anapunguza kwenye sahani, haachi kula.

Na kwa nini kuhangaika hivo? Kwa sababu insulini ya mama haivuki kondo, sukari inavuka. Sukari ya mama ikiwa juu mtoto naye anaipokea nyingi na kongosho lake dogo linalazimika kutoa insulini nyingi, na kwa mtoto aliye tumboni insulini ni homoni ya kukuza, ananenepa kupita njia. Akizaliwa, kitovu kikikatwa, ile sukari ya mama inakatika ghafla lakini insulini yake bado ipo juu, sukari yake inaweza kushuka mpaka hatari, ndo maana manesi wanamtoboa kisigino mara kwa mara na kusisitiza anyonyeshwe mapema. Kuna mabibi waliona hilo ni kumtesa mtoto siku ile. Nawaelewa, ila ni lazima.

Wifi alijifungua wiki ya 39, mtoto wa kike, kilo 3.2. Kondo likatoka. Saa chache tu laktojeni inakuwa imekwisha kwenye damu, misuli inaanza kusikia tena, asubuhi yake walimpima ikawa 4.7 na amekunywa uji. Nesi akasema umepona.

Hapo ndo niliomba tuongee. Kwa wengi namba inarudi kweli, lakini mimba imeshaonyesha jiko lina ukubwa gani, na mwanamke aliyepata kisukari cha mimba hatari yake ya kupata kisukari cha aina ya pili baadaye ni kama mara saba hadi kumi ya mwenzake ambaye hakupata. Anatakiwa apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa glukosi ileile ya gramu 75, alafu kila mwaka mmoja hadi mitatu. Wengi hawarudi, na sio uzembe. Mtoto akishazaliwa kadi inakuwa ya mtoto, safari zinakuwa za chanjo na kupima uzito, hakuna anayekumbuka kongosho la mama.

Kunyonyesha kunapunguza hiyo hatari, na tazama ni nani anahusika: prolaktini, ileile.

Tulikata shauri tuandike tarehe juu ya kadi ya mtoto, kwa kalamu nyekundu, pembeni ya tarehe ya chanjo ya wiki ya kumi. Siku ilipofika tukapanda daladala alfajiri, mtoto nimembeba mimi kwa sababu yeye hajala. Akanywa ile glasi, safari hii bila kukunja uso, tukakaa benchi. Jirani yetu alikuwa binti mdogo wa mimba kubwa ameshika karatasi yake ameikunja mara nne. Wifi akamuuliza ngapi. Akasema 5.3, kwa sauti ya chini, akaongeza, "napenda sana soda, dada."

Wifi akasogea karibu yake, akamwambia, "Subiri nikwambie kuhusu kondo."